Kuku wa Maître Numbi

Ukifika mtaa wa Katuba, Lubumbashi, ukamwomba mtu yeyote aliyesoma shule ya parokia akuchoree kuku, atakuchorea kuku mmoja tu. Ataanzia mkiani, apande mgongoni bila kuinua kalamu, azunguke kichwa, ashuke kifuani, afunge tumbo, kisha aweke miguu miwili iliyonyooka kama njiti za kiberiti. Mdomo utaelekea kushoto, kwa sababu katika darasa la pili B mlango uko kushoto, na Maître Numbi alikuwa na amri yake: kuku anaangalia mlangoni. Kwa nini? Hakuna aliyewahi kuuliza. Kuku huyo yuko kwenye ukuta wa mama mmoja anayeuza nyama ya kuchoma, na hapo ana haki ya kuwapo. Lakini yuko pia kwenye mlango wa kinyozi, na juu ya kibanda cha fundi wa baiskeli, watu ambao hawajauza hata yai tangu wazaliwe. Walipotaka kupamba mahali pao, mkono ulikwenda wenyewe kule ulikofundishwa.

Maître Alexis Numbi alikuwa amelishika darasa hilo miaka thelathini na mmoja. Baba yake aliletwa Lubumbashi na kazi ya reli kutoka upande wa Kamina, na mtoto akarithi kupenda vitu vilivyonyooka: suruali yenye mkunjo, mistari ya madawati, safu ya watoto mbele ya bendera. Kila Ijumaa, saa ya mwisho ilikuwa ya dessin, somo la kuchora. Walimu wengine waliila saa hiyo. Guelor, mwalimu kijana wa darasa la pili A, aliigeuza kuwa ya hesabu, na alisema wazi kwamba yeye hata chungu hawezi kuchora. Numbi hakuila hata mara moja. Alifuta ubao mpaka ukawa mweusi tititi, akachora modèle, mchoro wa kuigwa, watoto wakanakili kimya, naye akapita akitoa pointi juu ya kumi. Aliyefanana kabisa na ubao alipata tisa. Kumi hakumpa mtu, maana kumi ilikuwa ya ubao.

Basi mwaka huu mkono wake ukaanza mambo yake.

Ulianza baada ya Noeli, mkono wa kuume, kutetemeka kidogo kidogo, tena wakati mbaya, anapoinua chaki. Numbi aliuficha kwa akili zote alizokuwa nazo. Alifika shuleni kabla ya kengele, akajifungia darasani, akaushika ule mkono kwa mkono wa kushoto, akaandika herufi za siku moja moja huku amezuia pumzi, ili watoto wakiingia wakute ubao umeshapendeza. Na Ijumaa akachora vitu vya kuchorwa kwa rula. Sanduku. Mlango. Kabati. Dirisha. Sanduku tena. Tangu Januari mpaka Mei watoto hamsini na wawili wa darasa la pili B walichora mbao tupu kama watoto wa seremala, na hakuna aliyenung'unika mbele yake.

Alichokiogopa alikijua vizuri. Miaka michache nyuma, Maître Mumba wa darasa la nne aliharibikiwa na macho. Walimfanyia sherehe, soda zikanywewa, watoto wakaimba, akapewa saa ya ukutani. Jumatatu iliyofuata kulikuwa na mtu mwingine mbele ya watoto wake. Hadi leo Mumba huja kukaa karibu na geti la shule, na mwalimu akitoka humuuliza wamefika somo gani. Numbi hakutaka saa ya ukutani. Alitaka darasa lake, na kwake mtu asiyeweza kuchora kuku hakuwa mwalimu tena.

Sasa, kuku huja Juni. Ndiyo desturi. Ni dessin ya mwisho ya mwaka, na kazi zilizo bora hutundikwa ukutani siku ya proclamation, wazazi wanapokuja kusikia nani amepanda na nani amebaki. Kuku hana rula. Numbi alizungukazunguka wiki mbili, mwishowe Ijumaa moja akasimama mbele ya ubao, akaweka chaki pale mkia unapoanzia, akajikabidhi kwa Mungu.

Mungu siku hiyo alikuwa na kazi nyingine. Mstari ulipanda mgongoni ukirukaruka, ukazunguka kichwa ukirukaruka, na miguu ikatoka imekunjamana kama nyuzi za sweta lililofumuliwa.

Kisha mkono mdogo ukainuliwa kwenye banc ya pili, dawati la pili kutoka mbele. Alikuwa Tracy Bwalya, wa miaka saba, ambaye mama yake anauza kuku wazima sokoni.

"Maître, ile kuku iko natetemeka. Iko na homa?"

"Iko nasikia baridi," Numbi akasema. "Muchore."

Ni kweli Juni kwetu kuna baridi, lakini asubuhi. Saa ile jua lilikuwa limeshapasha bati na watoto walikuwa wamevua masweta. Hata hivyo hakuna aliyebisha. Waliinama, wakachora, kengele ikalia, Numbi akakusanya madaftari bila kuyatazama.

Aliyatazama baadaye, peke yake. Akafungua la kwanza, la pili, la kumi. Watoto walikuwa wamefanya kazi yao kwa uaminifu wa kutisha. Kuku wote walitetemeka. Kila mruko wa mkono wake ulikuwa umenakiliwa, ule mkubwa wa shingoni, ile mitatu midogo ya tumboni, mpaka pale chaki ilipokatika na kuacha nukta. Jephté, mtoto mwangalifu kuliko wote, alikuwa ametumia rula kuhakikisha meno ya mstari yanalingana. Numbi aliona aibu mpaka masikio yakamuwaka. Alikuwa ameficha jambo lake miezi sita, na sasa limeandikwa mara hamsini na mbili.

Jumamosi, kabla hajapata pa kuyatupa, Madame Victorine aliyataka. Madame Victorine ndiye directrice, mwalimu mkuu wa shule. Alikuwa akichagua kazi za kutundika ukutani. Alifungua madaftari matano, akayafunga, akamwita Numbi ofisini na kusukuma mlango.

"Maître, hii ni nini?"

"Ni kuku."

"Kuku naiona. Mi mwenyewe nilichoraka kuku yenu mu kalasi ile ile, banc ya tatu. Haikukuwa natetemeka."

"Craie ilikuwa na mayi," Numbi akasema, akiisingizia chaki kwamba ililowa.

Madame Victorine alichukua kalamu, akageuza barua moja ya zamani, akaanzia mkiani. Kwa mstari mmoja, bila kuinua kalamu, kuku akatokea, anaangalia mlangoni.

"Muone. Mukono yangu haijasahau mpaka leo. Sasa muniambie kweli. Ni tangu wakati gani?"

Numbi alimtazama kuku wa yule mama, mnene, laini, hana kasoro. Alitamani kumchukua akimbie naye.

"Tangu Noeli."

"Na munganga alisema nini?"

"Munganga atasema mukono iko natetemeka. Ile nilishajua déjà."

Madame Victorine hakucheka. Alimheshimu mzee huyu kuliko alivyomheshimu mkubwa wake yeyote, na ndiyo maana maneno yalimtoka kwa shida. "Maître, batoto ba deuxième banajifunza kuandika paka ku ubao tu. Kila kitu muko nafanya, banafanya. Leo ni kuku, kesho ni herufi. Na ku mwisho ya mwezi niko natuma liste ya ba maître na kalasi zao. Nilifikiri... kuko nafasi mu bibliothèque."

"Bibliothèque gani? Ile ni armoire."

"Iko armoire ya bitabu, Maître." Maktaba ya shule ilikuwa kabati moja tu.

"Mumba mulimupatia saa ya ukuta," Numbi akasema. "Miye mutanipatia armoire."

Mama yule akainamisha macho. Kisha akasema kwamba Ijumaa ijayo atakuja kuketi nyuma ya darasa. Hataki sanduku wala mlango. Anataka kuona dessin, na baada ya hapo ataandika liste yake, orodha ya walimu na madarasa yao.

Jioni ile Numbi alikaa na mkewe, Mama Dorine, chai mezani, naye akashindwa kuinua kikombe. Si kwamba kilikuwa kizito. Alikitazama tu, na kwa mara ya kwanza akaona kwamba kimejazwa nusu.

"Chai ilipunguka ku nyumba?"

"Haikupunguka."

"Sasa juu ya nini uliweka nusu?"

"Niko naweka nusu tangu mwezi wa pili," Mama Dorine akasema, akimmenyea kiazi. "Ukiweka nusu haimwangike."

Numbi akahesabu kichwani ni vikombe vingapi alivyokunywa nusu bila kujua, na machozi yakamkaribia. "Juu ya nini haukuniambia?"

"Na weye juu ya nini haukuniambia?"

Mama Dorine akampa kiazi na kumwambia Jumatatu akitoka shule wataenda hospitali, tena hakuuliza, aliamuru. Walikwenda. Daktari alimpa vidonge, akasema vitapunguza lakini havitamaliza, na kwamba mzee bado ana nguvu zake nyingine zote. Numbi alirudi nyumbani na hizo nguvu nyingine zote, zisizojua kuchora.

Lakini kabla ya hospitali, asubuhi ya Jumatatu ileile, kulikuwa kumetokea jambo. Alikuwa akirudisha madaftari. Alipofika kwa Tracy alisita, akamuuliza kwa sauti ndogo:

"Tracy, ku nyumba yenu kuku beko bangapi?"

"Beko mingi, Maître. Ingine inalalaka chini ya kitanda yangu."

"Inatetemekaka?"

"Hapana, Maître."

"Sasa juu ya nini ulichora kuku ya kutetemeka? Weye si unajua kuku?"

Tracy alimwangalia kwa huruma, kama mtu anayeulizwa kitu ambacho mkubwa angepaswa kukijua. "Ile ya kitanda ni kuku ya ku nyumba, Maître. Ya ku ubao njo kuku ya masomo."

Numbi alisimama pale na daftari mkononi. Kuku ya nyumbani, na kuku ya shule. Miaka thelathini na mmoja, watoto ambao wamekanyaga mavi ya kuku asubuhi, wamekula mayai yao, wamewafukuza jikoni kwa ufagio, waliketi mbele yake na kuchora ndege ambaye hakuna aliyewahi kumuona. Naye aliwapa tisa juu ya kumi. Hasira ilimpanda, na haikuwa na mtu wa kumwangukia isipokuwa yeye mwenyewe.

Alhamisi alikwenda sokoni kwa mama yake Tracy.

"Kuazima?" Mama Bwalya akasema, mikono kiunoni, katikati ya matenga yake. "Kuku inauzwaka, Maître. Haiazimiwake."

"Saa moja tu. Ni ya batoto kuangalia."

"Kuku ile balishaionaka."

"Hawajaiona," Numbi akasema, na mama yule akaona kwamba mzee hatanii.

"Bon. Irudi muzima. Na ikitaga yai kule ku masomo, yai iko yangu."

"Iko yako."

Alimchagulia kuku mwekundu, shingo tupu isiyo na manyoya, jicho kali. Tracy mwenyewe alimleta Ijumaa ndani ya kapu, akitembea polepole katikati ya barabara ili dunia nzima ione.

Saa ya dessin ikafika. Madame Victorine aliketi nyuma kabisa, magoti yakigusa dawati la watoto, karatasi ya liste mbele yake. Numbi alimfunga kuku mguu mmoja kwa kitambaa kwenye mguu wa meza, akaiweka meza katikati ya darasa, akamsimamisha kuku juu yake. Kisha akafuta ubao. Ukawa mweusi tititi. Akaweka chaki chini.

Watoto wakasubiri. Kalamu zilikuwa tayari, macho yote ubaoni.

"Maître," Jephté akasema mwishowe, "modèle iko wapi?"

"Modèle njo ile."

Hamsini na wawili wakageuka kumtazama kuku, wakageuka tena kutazama ubao, labda modèle ingetokea. Haikutokea. Jephté akainama, akaanzia mkiani, akapanda mgongoni, na kabla mtu hajameza mate alikuwa amemaliza kuku wa shule. Wenzake wakachungulia, wakaanza kumnakili Jephté. Numbi alitupa jicho nyuma. Madame Victorine naye alikuwa akichora, pembeni ya liste yake, na mkono wake ulikuwa umeanzia mkiani.

"Muache!" Numbi akasema. "Mutu asichore. Jephté, kuku iko na bidole bingapi?"

"Tatu, Maître. Ku modèle iko tatu."

"Ine!" Tracy akapiga kelele. "Iko ine! Kamoja iko nyuma!"

"Tatu!"

"Ine! Njo ile inapandiaka ku kitanda!"

Numbi alifungua kinywa kutoa hukumu, akagundua kwamba hajui. Kuku wake alikuwa na vidole vitatu tangu darasa hilo lilipopakwa rangi ya kwanza. "Mukuje muone," akasema, na ukimya wa miaka thelathini na mmoja ukavunjika kwa dakika moja. Walimiminika. Walipiga magoti, walipanda madawati, waliweka pua karibu na makucha. Vidole vinne. Na mguu haukunyooka hata kidogo, ulikunjika, tena ulikunjika kwenda nyuma, na Numbi aliyekuwa amepiga magoti katikati yao akasema "Eh!" kwa sauti ya mtoto. Kuku alimtazama, akainua mkia, akaachia mzigo wake juu ya meza ya mwalimu. Darasa lilicheka mpaka Guelor akachungulia kutoka la pili A kuona kuna nini.

"Sasa," Numbi alisema walipotulia, "murudi ku ba banc. Kila mutu achore ile eko naona kwa macho yake. Mwenye kuona mukia, mukia. Mwenye kuona kichwa, kichwa."

Wakaanza. Haikuwa kimya kama zamani. Walinong'ona, walifuta, walisimama, walikaa, waligombana na kuku kwa sababu hakubali kutulia. Lakini macho yao yalipanda na kushuka, kuku na karatasi, kuku na karatasi.

Numbi alibaki mbele bila kazi. Mikono ikamuwasha. Alichukua chaki. Hakujiambia kitu kikubwa, alitaka tu kukamata kile kikunjo cha mguu kabla hakijamtoka kichwani. Alijua Madame Victorine anaona. Akachora mguu, mkono ukatetemeka, mstari ukarukaruka, akaendelea. Akachora shingo tupu, ngozi yake yenye mikunjo, na pale mruko wa mkono haukuharibu sana, maana shingo yenyewe haikuwa laini. Alikuwa hajachora kitu asichokijua tangu ujana wake. Alifurahi, na hofu ilikuwepo palepale pembeni, kwa sababu nyuma yake walikuwa wale waliomnakili mpaka nukta ya chaki iliyokatika. Aligeuka polepole kuona wanavyomfuata.

Hakuna aliyekuwa akitazama ubao.

Hata mmoja. Jephté alikuwa amelala kifudifudi juu ya dawati, ulimi nje, akipambana na jicho. Msichana wa banc ya mwisho alikuwa akichora makalio tu, kwa sababu ndiyo aliyopewa na kuku. Numbi aliguswa na kitu kilichouma, tuseme kweli. Miaka yote ubao wake ulikuwa mfalme, na leo umekuwa ukuta. Alishuka hatua mbili katikati ya madawati ili aone vizuri, na hapo sauti ikatoka banc ya pili, bila hata kuinua macho.

"Maître, musogee kidogo. Muko nanifichia kuku."

Akasogea. Akasogea zaidi, mpaka akafika ukuta wa nyuma, karibu na Madame Victorine, akasimama pale na kuwatazama watoto wake kwa migongo. Alikuwa akitabasamu kama mjinga na hakujali.

Madame Victorine alisukuma ile liste pembeni ya dawati ili Numbi aisome. Kwenye 2e B, darasa la pili B, palikuwa pameandikwa jina lake, kwa wino. Chini yake, kwa kalamu ya risasi, kulikuwa na mstari mmoja: asubuhi, kabla ya kengele, Guelor ataandika herufi kwenye mbao zote mbili, na Ijumaa Numbi atachukua dessin ya madarasa yote mawili.

"Guelor alikubali?"

"Guelor atashukuru Mungu," Madame Victorine akasema. "Na Ijumaa ingine mutaleta nini?"

"Mbuzi. Kama batanipatia."

"Mu masomo yangu?"

"Mu kalasi yangu," Numbi akasema.

Madame Victorine alicheka kwa pua, kisha akainua kalamu yake tena. Pembeni ya liste kulikuwa na kuku watatu, wote wa shule, wote wanaangalia mlangoni. Directrice alijaribu wa nne, akaanzia mkiani, akasimama njiani.

"Maître, munisaidie. Mukono haikubali. Inarudia paka ku kuku yenu tu." Akamsogezea kalamu. "Munionyeshe, ile goti inakunjika wapi?"

Numbi aliipokea kalamu. Mkono ulikuwa ukitetemeka, na safari hii hakuuficha. Akairudisha kalamu, akaiweka katikati ya vidole vya mwanafunzi wake wa zamani, akamgeuza bega taratibu mpaka uso wake ukaelekea katikati ya darasa, kule juu ya meza, ambako kuku mwekundu wa Mama Bwalya alikuwa amekunja mguu mmoja na kujikuna sikio.

"Usiniangalie miye," akasema. "Angalia kuku."